Plasta Iliyonipa Sifa

Vijana wangu, kabla sijaanza nikiri jambo moja, msije mkasema niliwadanganya: mimi ni mwoga. Nimefanya kazi ya uashi katika nyumba za mawe za Mji wa Kale tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe, na miaka yote hiyo nimeifanya huku tumbo likiniuma. Wenzangu walikuwa wakipanda jukwaa wakiimba. Mimi nilikuwa nikipanda nikisoma dua. Wakaniita Salimu Tumbo, na jina likanishika hata kwa watu wasiojua lilikotoka. Wengi walidhani ni kwa sababu ya biriani.

Sasa nimestaafu, nanyi mnanijia hapa nyumbani. Wengine mnasoma ujenzi chuoni, wengine mnachora nakshi kwenye kompyuta, na swali lenu ni moja: Mzee, mawazo ya kazi huyapata wapi mtu? Nadhani mnataka niwapeleke barabara ya Ndia Kuu, niwaonyeshe mlango mmoja mkubwa wenye maua na minyororo, mpige picha, tuagane. Nitawajibu, ila jibu langu limechanganyika na hofu, na sehemu yake ni ya aibu. Wavumilieni wazee.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Shee, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, hana futi wala kamba ya kupimia. Alipima kwa dhiraa ya mkono wake na hakukosea. Miezi ya mwanzo hakunipa mwiko. Nilikoroga chokaa, nilibeba maji, nilichunga kokoto. Tulipokaa kunywa chai ya saa nne, alikuwa akinyoosha mkono, akichukua kitu chochote kilicho karibu na kunipa: kikapu cha ukindu, kawa la kufunikia chakula, mbuzi ya kukunia nazi. Kisha alikuwa akiuliza.

"Hiki chaogopa nini?"

Siku ya kwanza nilicheka. "Fundi, mbuzi ya nazi itaogopa nini?"

"Itazame kwa mato, usiitazame kwa mdomo."

Nikaitazama mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaona. Ule ulimi wa chuma umetokeza mbele, na mkunaji anaukandamizia nazi kwa nguvu, basi kila mara kile kibao kinataka kuinama mbele kianguke. Ndiyo maana kimetengenezwa kikaliwe. Aliyekibuni alijua kwamba uzito wa mpishi mwenyewe ndio utakaokizuia. Nilipomwambia, Fundi Shee aliitikia kwa kichwa na kuninyang'anya ile mbuzi, akairudisha jikoni kwa watu.

Tangu siku hiyo sikuweza kutazama kitu kwa amani. Mkeka huogopa ukingoni, kwani hapo ndipo unapoanza kufumuka, ndiyo sababu ukingo wake hushonwa mara mbili. Dirisha la mji huu huogopa jua na macho ya watu. Baraza ya nje ninyi mnadhani ilijengwa kwa ajili ya porojo. Baraza imekaa pale kuulinda mguu wa ukuta na maji ya mvua, na kuuegemeza usitoke nje, porojo zikaja baadaye. Na mkiuliza kwa nini vyumba vya zamani ni virefu halafu vyembamba, jibu liko juu ya vichwa vyenu: boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na mti wa mkoko ukiunyoosha kupita urefu wake huogopa kupinda, basi chumba kikakatwa kwa kipimo cha mti. Hakuna aliyekaa akasema nataka chumba chembamba.

Mawazo yangu ya kazi niliyapata huko. Kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono kina mtu nyuma yake aliyeogopa jambo, na umbo lake ndilo jibu alilolipata. Mkikitazama hivyo, hata kifuniko cha sufuria kitawafundisha.

Msidhani lakini kwamba kuelewa huku kuliniponya ujinga. Mwaka wa pili, Fundi Shee alinituma nitoboe kidaka ukutani, yaani kile kishubaka cha kuwekea taa na vikombe. Akaniambia shubiri moja kwenda ndani, usizidi. Nami nilikuwa na nyundo mpya. Niligonga kwa raha zangu mpaka patasi ikapita ikaenda zake, na tundu likafunguka, na upande wa pili wa tundu nikaona uso wa mwanamke mwenye chano cha sambusa. Zile nyumba zilikuwa zinachangia ukuta. Nikasema, "Salam aleikum." Akaitikia, kisha akapiga ukelele uliosikika mpaka Kibokoni. Kwa mwezi mzima watoto wa mtaa waliponiona walikuwa wakisema hodi ukutani.

Tuje kwenye aibu sasa.

Bi Mwanaisha alikuwa mjane, mshonaji wa kofia za viua, akiishi nyuma ya Ndia Kuu katika nyumba ya ghorofa moja aliyoachiwa na babu zake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na alinilea kwa maneno tu, kama walivyo wamama wa mji. Ukuta wake wa upande wa barabara ulikuwa ukipigwa na mvua, na kila mwaka chokaa ilipukutika. Siku moja aliniita.

"Salimu mwanangu, nimechoka. Kila nikitoka mlangoni buibui langu jeupe, watu wadhani nauza unga. Hebu nifanyie dawa."

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi peke yangu, na nilikuwa nimejifunza simiti kutoka kwa watu wa maghorofa mapya ya ng'ambo ya pili. Nawaambieni, simiti humpa fundi kiburi. Chokaa yataka kulazwa, uitie shimoni na maji wiki na wiki mpaka iwe laini kama siagi. Halafu ukiipaka lazima uisubiri, uirudie, uibembeleze. Simiti unaikoroga asubuhi, na adhuhuri imeshika. Nikaupiga plasta ya simiti ule ukuta, nje na ndani, juu na chini, nikausugua kwa sponji mpaka ukawa kama sahani. Watu walikuja kuutazama. Mzee mmoja aliupapasa, akasema mashaallah. Kwa ukuta ule nilipata kazi ya nyumba nyengine kumi na moja, na zote nilizifanya vile vile.

Fundi Shee alikuja pia. Hakusema mashaallah. Aliuwekea ukuta mgongo wa mkono, kama mama amgusavyo mtoto mwenye homa, akakaa hivyo kidogo.

"Salimu, ukuta huu umeuziba pumzi."

"Fundi, siku hizi kila mtu yuwataka simiti."

"Sikusema watu hawaitaki."

Akachukua bakora yake akaenda. Nami, vijana wangu, nilifikiri mzee ana wivu. Nilifikiri hivyo na nikalisema mbele za watu. Alifariki mwaka uliofuata na hatukuwahi kulizungumza tena. Mpaka leo nikipita penye kaburi lake naona haya kusimama.

Ikapita miaka tisa. Nyumbani kwangu tulikuwa na mtungi wa udongo, umekaa pembeni mwa ukumbi, unatoa jasho mchana kutwa na maji yake ni baridi kuliko ya friji. Mke wangu Rukia alikuwa anangojea wageni kutoka Lamu, akaona mtungi umechakaa. Palikuwa na kopo la rangi ya mafuta, ya kijani, iliyobaki tulipopaka madirisha. Akaupaka mtungi wote. Kweli ulipendeza.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini na kiu, nikachota, nikanywa. Maji yalikuwa na uvuguvugu.

"Rukia, mtungi huu una nini?"

"Una rangi. Hukuona ulivyotakata? Siku tatu nangoja unisifu."

Nikainama kuutazama. Chini, karibu na kitako, rangi ilikuwa imetuna kama lengelenge. Nikaibonyeza kwa ukucha. Ikapasuka, maji yakatoka, na nyuma yake udongo ulikuwa umelainika, ukabaki kidoleni mwangu kama tope. Mtungi unaogopa kuzibwa. Lile jasho lake ndilo uhai wake. Nilikuwa nimeshika kikombe, na kabla sijakiweka chini nikaukumbuka ukuta wa Bi Mwanaisha.

Niwaeleze, maana wengine hamjafungua ukuta wa mawe ya matumbawe. Ukuta ule hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini na kutoka mvuani, maji yenye chumvi, na huyatoa polepole kupitia chokaa. Chokaa inapukutika kwa sababu inafanya kazi yake, kila mwaka inajitoa ili mawe yabaki. Ukiuziba kwa simiti, maji yanaingia kwenye nyufa usizoziona, na hayana pa kutokea. Yanatafuta kitu laini humo ndani. Na kitu laini kilichomo ndani ya ukuta ni kimoja tu, ncha za boriti, zilizolala gizani humo zikibeba sakafu ya juu pamoja na wote waliolala juu yake.

Sikumaliza kile kikombe. Nilikwenda kwa Bi Mwanaisha kwa miguu, nikipitwa na tuktuk bila kuisimamisha, kwa sababu sikutaka kufika upesi.

Ilikuwa Jumatatu. Nilimkuta mlangoni, furaha imemjaa. Tukaamkuana, akaniuliza hali ya Rukia, hali ya watoto, hali ya goti langu, mpaka tukamaliza. Kisha akanipasha habari: Nuru, mjukuu wake, anaolewa. Alhamisi alasiri wanawake watakusanyika ghorofani kumtia hina.

"Watakuwa wengi?" nikauliza.

"Mji mzima, inshaallah. Na chakacha itachezwa mpaka waseme basi. Kile chumba cha juu kikubwa, kitawatosha."

Nikamwomba nitazame chumba cha chini. Akanipitisha. Plasta yangu ilikuwa bado safi, haina ufa hata mmoja. Nikainua macho. Boriti zilikuwa zimepangika vizuri, zimepakwa rangi nyekundu na nyeusi kama zamani. Nikayashusha macho sakafuni. Chini ya ukuta wa barabarani, kote kote, palikuwa na mstari wa unga wa kahawia, mwembamba, kama kahawa iliyosagwa.

"Mchwa hao," akasema Bi Mwanaisha. "Nafagia asubuhi, jioni warudi tena."

Hawakuwa mchwa. Ule ulikuwa ni mti unaoteremka kidogo kidogo.

Hapo ilinipasa kusema. Mnangoja niwaambie kwamba nilisema. Sikusema, wanangu. Niliogopa dari ile, lakini niliogopa zaidi kumwambia mwanamke yule, aliyenisifu kwa kila mtu, kwamba sifa zote zile zilikuwa za mtu aliyeiozesha nyumba ya babu zake. Nikanywa kahawa yake, nikala na kaimati, nikaaga. Nilikwenda mpaka uwanja wa Makadara nikauzunguka mara mbili, kisha nikarudi nyumbani nikamwambia Rukia kichwa kinauma.

Jumanne sikula. Jumatano nilikwenda kwa Mutua. Mutua alikuwa Mkamba, fundi wa reli aliyekuwa ameshastaafu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuwa na jeki nne nzito za zamani alizozinunua mnadani, na mara mbili tatu alikuwa amenisaidia kuinua vizingiti. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeambia huyo mama?"

"Bado. Nimefikiri tutakwenda na jeki, niseme nataka kukagua tu."

"Salimu, jeki itashikilia dari. Kusema ni kazi yako."

Tukakubaliana kesho yake mapema. Lakini jeki zilikuwa nzito, tuktuk ikaharibika njiani, na ilipopatikana nyengine haikuweza kuingia kichochoroni, ikabidi tuzibebe moja moja na mbao zake. Tulipofika mlangoni alasiri ilikuwa imeingia. Nje palikuwa na viatu vya wanawake vimepangwa tangu mlangoni mpaka pembe ya nyumba, na juu tulisikia ngoma zikijaribiwa.

Bi Mwanaisha alitoka na leso mbili mpya, ananuka udi. "Salimu! Leo si siku ya wanaume."

"Bi Mwanaisha, dari yako imeoza. Nimeiozesha mimi, kwa ile simiti. Nimejua tangu Jumatatu."

Nililitoa lote kwa pumzi moja, kwa kuwa ningepumua katikati nisingemaliza. Alinitazama. Nilimwona anatafuta usoni mwangu kama ni mzaha.

"Tangu Jumatatu," akasema. "Ukala kaimati zangu."

Nikaingia chumba cha chini, ambacho dari yake mtu huifikia kwa mkono, naye nyuma yangu. Nikachagua chini ya boriti ya pembeni, nikapiga patasi mara mbili. Kipande cha plasta kikabanduka kizima, kikubwa kama sinia, na harufu ya maji yaliyokaa ikatoka. Nikakiingiza kidole kwenye ncha ya boriti. Kikazama mpaka pingili ya pili. Nikakitoa, nikasogea kando. Bi Mwanaisha akainua mkono wake, ule uliozoea sindano ndogo za kofia, akakiingiza chake pale pale.

Juu, ngoma ikaanza sawasawa. Vifijo vikapigwa. Boriti ikashuka mbele ya macho yetu, kidogo sana, kisha ikapanda, ikashuka tena kwa mapigo ya ngoma, na ule unga wa kahawia ukamwagika juu ya leso yake mpya.

"Waambie washuke," nikasema, na sauti yangu sikuijua. Kisha nikakumbuka mlango wa ngazi uko upande gani. Uko upande wa barabara, upande uliooza. "Hapana, ngoja! Wakiukimbilia mlango kwa pamoja, uzito wote utakuja hapa. Washuke mmoja mmoja. Wapitie upande wa ndani, wafuate ukuta wa uani."

"Nani atawaambia?"

Huko juu wanawake walikuwa wamejivua mabuibui. Mwanaume yeyote ambaye angechungulia angepigiwa mayowe, na wote wangekimbilia mlangoni. Nilikuwa nimefungwa na adabu ile ile niliyolelewa nayo. Bi Mwanaisha alikuwa na zaidi ya miaka sabini na miguu yake ilikuwa imevimba. Akakusanya leso zake.

"Nitapanda mimi," akasema.

"Ni mtu mmoja zaidi juu ya dari ile, mama."

"Mjukuu wangu yuko juu."

Akapanda. Nilizisikia hatua zake ngazini, mguu mmoja, kisha mwengine unauendea, kisha kupumzika. Mimi na Mutua tukalaza mbao sakafuni, tukasimamisha nguzo, tukaanza kuzungusha jeki. Jeki, vijana, haipandishwi kwa haraka. Ukiisukuma kwa pupa unaipasua boriti badala ya kuishikilia. Unazungusha nusu, unasikiliza. Unazungusha robo, unasikiliza. Nami nilikuwa nikizungusha kwa pupa hiyo hiyo, mpaka Mutua akanionyesha kwa kichwa niishike nguzo tu.

Ngoma ikanyamaza. Tukamsikia Bi Mwanaisha, sauti kavu ya kila siku. "Mwanahamisi, njoo wewe kwanza mwanangu, nataka mtu wa kunisaidia sinia hapo chini. Pitia huku kwangu. Taratibu, sakafu ina mafuta." Hatua zikapita juu yetu, nzito, zikafuata ukuta wa uani kisha zikauvuka mlango. "Bi Fatma, nawe." Hatua nyengine, nzito zaidi. Baada ya wa tatu nikaelewa anafanya nini. Alikuwa anaanza na wanono.

Mutua alikuwa akiimba kwa pua wimbo wa kanisani huku anazungusha. Boriti ya tatu ilipolia, akanyamaza, nami nikajua kuwa hata yeye ameogopa. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua nne kutoka niliposimama. Nilizihesabu. Nitawaambieni kweli tupu, nilitaka kukimbia. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshageuka. Sijui kilichonizuia, sidhani ulikuwa ushujaa. Nafikiri niliona haya mbele ya Mutua, ambaye nyumba haikuwa yake, simiti haikuwa yake wala harusi haikuwa yake, na bado shingo yake ilikuwa chini ya dari ile.

Wakabaki wawili. Nuru alikuwa ametiwa hina miguuni, bado mbichi, na tukasikia akilia kwamba itaharibika.

"Kanyaga," bibi yake akamwambia. "Itarudiwa. Kanyaga, mwanangu."

Akakanyaga. Alipita haraka, mwepesi. Kisha Bi Mwanaisha akaanza kuja peke yake, mguu mmoja, mwengine unauendea. Alipofika karibu na mlango boriti ya pembeni ikakatika ndani ya ukuta. Ilishuka kiganja kizima, ikakaa juu ya jeki ya Mutua, na bonge la sakafu likaanguka begani kwangu. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua jeki ilikuwa imeshikilia, na hatua zilikuwa zinashuka ngazini.

Wanawake walivukishwa nyumba ya jirani, na baada ya kitambo ngoma ilianza tena huko. Wale walioitwa kwanza walikuja kujua baadaye kwa nini waliitwa kwanza, na mmoja wao hajanisalimu mpaka leo, kana kwamba mimi ndiye niliyempima.

Bi Mwanaisha alitukuta tumekaa chini kichochoroni, tumejaa vumbi. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji. Alisimama mbele yangu, pindo za leso yake zimetapakaa hina ya mjukuu wake.

"Nyumba ngapi nyengine, Salimu?"

"Kumi na moja."

"Wazijua zote?"

"Nazijua."

"Basi kesho waanza kwa nani?"

Sikuanza kesho yake, niliugua siku mbili. Lakini nilianza. Nilikwenda mlango kwa mlango na kusema maneno yale yale, na hayakuwa mepesi hata mara moja. Wa kwanza alinifungia mlango usoni. Wa pili alicheka, kisha akanionyesha unga sakafuni. Nyumba ya Bi Mwanaisha niliitengeneza bila ujira, mimi na Mutua, tukabandua plasta yote, tukatia boriti mpya, tukapaka chokaa iliyolala wiki sita. Sasa inapukutika kila mwaka, naye mpaka alipofariki alikuwa akiipangusa kwenye buibui na kunitazama.

Kama mnataka kitu cha kubeba, bebeni hiki. Mkiingia nyumba ya zamani, msianze na nakshi. Angalieni sakafuni, chini ya kuta, asubuhi kabla hapajafagiwa. Gongeni plasta kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe, imejitenga na mawe. Ulizeni wanaofagia, wao hujua kabla ya fundi. Na mkiona mmekosea, semeni siku hiyo hiyo, kwa sababu kila siku mnayonyamaza kuna watu wanatembea juu ya kosa lenu.

Katika zile kumi na moja, nane nilifunguliwa. Tatu zimebaki. Moja wenyewe wako ughaibuni na imefungwa kufuli. Ya pili warithi wamo mahakamani. Ya tatu imenunuliwa mwaka huu na kijana mmoja mwenye adabu, mtu wa kazi, aliyekuja na familia yake kutoka bara. Mnaijua, kwani wengine wenu huipiga picha. Nimeshakwenda mara tatu. Wiki iliyopita alinikaribisha, akanipa soda baridi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaupapasa ukuta.

"Mzee, kusema kweli, nilinunua kwa sababu ya huu ukuta. Nyumba zote nilizoona zilikuwa zinamomonyoka. Hii tu ndiyo ilikuwa safi."

Nikamwambia safi hiyo niliifanya mimi. Akanishukuru. Akaniambia mwezi ujao ataweka matangi mawili ya maji juu, maana mji huu una shida ya maji. Juu yetu palikuwa na vishindo, vinakwenda mpaka ukutani na kurudi, vinakwenda na kurudi, na mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua, soda mkononi.

Nikamwomba, kama hataki kubandua, angalau awahamishie watoto chini.

Akacheka kwa upole, akanishika bega kunikalisha. "Wasikusumbue, mzee. Wanacheza tu."